Kupima Khukuri Kubwa kwa Mwanzi Mnene: Mwongozo Kamili

Mwanzi mbichi huangushwa hata na panga butu, ilimradi mkono wa mpigaji uwe na nguvu na mwenyewe asijali kutoka jasho. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama khukuri aliyoinunua ni chombo cha kazi au pambo la ukutani hatapata jibu kwa kutazama kama mwanzi umeanguka. Jibu limo kwenye uso wa mwanzi pale ulipokatwa, na kwenye makali ya khukuri baada ya kukata. Mwongozo huu unafuata kipimo hicho tangu kuikagua khukuri ikiwa safi hadi kuirudisha alani, nami nitakawia zaidi katika kusoma alama, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupita haraka.

Khukuri ni kisu cha Nepal kilichopinda kuelekea mbele, chenye mgongo mnene na tumbo pana karibu na ncha, nacho vijijini hufanya kazi ambazo kwetu hugawanywa baina ya panga, shoka dogo na kisu cha jikoni. Ile ya kawaida ya nyumbani huwa na ubapa wa sentimita 25 hadi 30. Kubwa ninayoizungumzia hapa ina ubapa wa sentimita 38 na zaidi, na uzito unaokaribia au kuzidi kilo moja. Wahunzi wake wa asili hutoka katika jamii ya Bishwakarma, na milima ya mashariki, hasa Bhojpur, inajulikana sana kwa kazi hiyo. Chuma wanachokitumia siku hizi mara nyingi ni springi za malori, kama wafanyavyo wahunzi wetu wengi wanaofua mapanga na majembe.

Tofauti kubwa iko katika namna ya kuupa ubapa ugumu. Mhunzi wa Nepal hauzamishi ubapa wote majini. Huupasha moto, kisha huchukua birika na kumimina maji taratibu kwenye ukingo wa makali pekee, akirudia zaidi pale kwenye tumbo. Makali ya tumboni huwa magumu, mgongo hubaki laini ili uweze kuhimili mshtuko bila kukatika, na sehemu iliyo karibu na mpini huwa katikati ya hali hizo mbili. Kazi hiyo hufanywa kwa jicho, kwa kuitazama rangi ya chuma, kwa hiyo khukuri mbili za mhunzi mmoja zinaweza kutofautiana. Ndiyo maana kila khukuri hupimwa peke yake, wala sifa ya kijiji ilikotoka haitoshi kuithibitisha.

Mimi nilifundishwa kipimo hiki na Mnepali niliyeishi naye chumba kimoja tulipokuwa tukifanya kazi Doha, na baadaye nikakishuhudia kwao, nyuma ya karakana ya mhunzi ambaye kila mtu alimwita dai, yaani kaka. Watu wa pwani yetu wana sababu nyingine ya kulifahamu jina la khukuri: Waingereza walianza kuwaandikisha jeshini Wagurkha, askari wa Nepal wanaojulikana kwa khukuri zao, mwaka 1815, wakati wa vita vyao na Nepal, na karne moja baadaye, Novemba 1914, askari wa Kigurkha walikuwamo katika vikosi vya Kashmir vilivyoshuka Tanga kupigana na Wajerumani.

Hatua ya kwanza: kuikagua khukuri kabla ya pigo lolote

Anza na mpini, kwa sababu ubapa mbovu huharibu kazi tu, lakini mpini mbovu huruka na kumjeruhi mtu. Mipini ni ya aina mbili. Katika aina iitwayo chiruwa, msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia mpinini, ni mpana kama mpini wenyewe na umebanwa na vipande viwili vya mbao au pembe kwa ribiti. Katika aina nyingine, msuka ni mwembamba kama mkia, hupita ndani ya mpini na kupigwa kichwa upande wa pili juu ya kibati. Aina zote mbili hufaa zikitengenezwa vizuri. Shika ubapa ukiwa umefungwa kwa kitambaa kinene, kisha jaribu kuuzungusha mpini na kuuvuta. Usisikie mlio wala mchezo wowote, hata mdogo kiasi gani. Angalia pia noleo, yaani pete ya chuma mahali mpini unapokutana na ubapa, kama limekaa imara bila nafasi baina yake na mti.

Gundi ya asili inayojaza nafasi za ndani huitwa laha, nayo ni utomvu unaolainika kwa joto. Jambo hili nililijua kwa hasara yangu: niliiacha khukuri katika buti la gari mchana wa Julai huko Doha, na jioni mpini ulikuwa ukizunguka kama kifuniko cha chupa. Asiyetaka kujifunza kwa njia hiyo asiiweke khukuri juani wala karibu na jiko.

Baada ya mpini, inua khukuri usawa wa jicho na utazame mgongo wake kutoka mpinini hadi nchani, uone kama umenyooka au umepinda kando. Chunguza kwa makini mkato mdogo ulio kwenye makali karibu na noleo. Wanepali wana maelezo mengi ya kidini na ya kikazi kuhusu mkato huo, lakini kwa mpimaji umuhimu wake ni mmoja: pembe kali ndani ya chuma ni mahali ambapo ufa hupenda kuanzia. Ukiona hata unywele wa ufa hapo, usiendelee na kipimo.

Sasa chukua tupa laini na uipitishe kwa wepesi sana kwenye ukingo wa makali, sehemu tatu: karibu na mpini, tumboni, na karibu na ncha. Ukiwa huibonyezi, tupa itang'ata chuma laini na kuteleza juu ya chuma kigumu. Unachotarajia ni iteleze zaidi tumboni. Ikiwa inang'ata kila mahali sawasawa, huenda unashika mojawapo ya zile khukuri za kumbukumbu zinazouzwa kwa watalii katika maduka ya Thamel, Kathmandu, ambazo nyingi hung'aa vizuri lakini hazikupewa ugumu wowote. Hiyo haihitaji mwanzi, itundike ukutani.

Mwisho, tazama makali chini ya taa yenye nguvu. Makali yaliyonoleka hayaonekani. Sehemu butu hurudisha mwanga kama uzi mweupe. Kata karatasi ya gazeti kwa kila sehemu ya makali na uandike ilivyokata. Andika pia uzito, urefu wa ubapa kwa mstari ulionyooka, na unene wa mgongo. Bila maandishi hayo ya mwanzo hutakuwa na cha kulinganisha mwishoni.

Hatua ya pili: kuchagua mianzi

Mwanzi ni kipimo kizuri kwa sababu tatu. Ganda lake la nje lina silika, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga, kwa hiyo huyatafuna makali haraka kuliko mti wa kawaida wenye ulaini uleule. Nyuzi zake zimesongamana zaidi upande wa nje kuliko ndani, hivyo pigo hukutana na ugumu mkubwa mara tu linapogusa. Tena ni wazi katikati, na kitu kilicho wazi hubonyea kikipigwa vibaya, kikahifadhi ushahidi wa kosa.

Watu hutaja unene wa mwanzi kwa kipenyo chake, lakini kwa kipimo hiki unene wa ukuta ndio muhimu zaidi. Mwanzi wa kipenyo cha sentimita 10 wenye ukuta wa milimita 8 ni rahisi kuliko wa sentimita 7 wenye ukuta wa sentimita 2. Katika Nepal mianzi mikubwa ya jenasi Dendrocalamus na Bambusa hupandwa pembezoni mwa mashamba, na shina moja hutoa ukuta mnene chini na mwembamba juu. Aliye Afrika Mashariki anaweza kutumia mwanzi wa milimani, ambao vipenyo vyake huwa sentimita 5 hadi 12 hivi, au ule mwanzi wa kawaida wa bustani, Bambusa vulgaris. Mianzi ya nyanda za chini, Oxytenanthera abyssinica, mara nyingi haina uwazi ndani, kwa hiyo ni kipimo cha aina nyingine kabisa, na jamaa yake ndiyo inayogemwa ulanzi Iringa na Njombe. Mtu asikate mwanzi wa ulanzi wa jirani kwa ajili ya kupima kisu, kwani ugomvi wake hautaisha upesi. Kama mianzi imo ndani ya msitu wa hifadhi, omba kibali kwanza.

Tafuta mashina yaliyokomaa, ya miaka mitatu au zaidi. Shina la mwanzi hufikia urefu na unene wake wote katika msimu mmoja, kwa hiyo ukubwa hauonyeshi umri. Lililo changa bado lina magamba na unga mweupe. Lililokomaa limepoteza magamba, rangi yake imefifia, na likigongwa hutoa mlio mkavu. Andaa vipande hivi: kimoja chembamba cha sentimita 4 au 5, viwili vinene vya sentimita 8 hadi 10, vyote vibichi, na kimoja kikavu cha unene wowote kwa ajili ya hatua ya mwisho. Kabla ya kuingiza mkono kwenye kichaka cha mianzi, gongagonga kwa fimbo ndefu, maana nyoka wa kijani hupenda mahali hapo huko Nepal na hata kwetu.

Usikipime kisu kwa kukata shina lililo bado kichakani. Mashina hushikana juu, hivyo lililokatwa halianguki; huteleza wima likiwa na ncha kali kama mkuki na kutua karibu na mguu wa mkataji. Lililopinda chini ya uzito wa mengine huweza pia kupasuka ghafla na kurusha kipande chake. Vuna kwa msumeno, kisha fanya kipimo mahali peupe.

Hatua ya tatu: uwanja na mwili

Chimba shimo la kina cha sentimita 60, simamisha kipande, na ushindilie mawe na udongo mpaka mwanzi usitikisike. Kipande kinachoyumba hunyonya nguvu ya pigo, na utailaumu khukuri bure. Juu ya ardhi kibaki kimo cha kifua chako. Ondoa mawe na vijiti ndani ya duara ambalo mkono na khukuri vinaweza kulifikia, kisha ongeza hatua mbili kubwa. Mtu mwingine yeyote, na hasa watoto ambao watakusanyika tu, akae nje ya mpaka huo.

Vaa viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kukinga macho, kwa sababu vibanzi vya mwanzi ni vikali kama wembe. Glavu ivaliwe mkono usioshika khukuri. Mkono unaoshika ubaki mtupu na mkavu, kwani glavu nyingi huteleza juu ya pembe iliyosuguliwa.

Kuna namna ya kuchomoa khukuri ambayo lazima ijulikane kabla ya kitu kingine chochote. Ala ni mbao mbili zilizofunikwa ngozi, na upande wa makali una mshono. Makali yanaweza kupenya mshono huo wakati wa kuchomoa, kwa hiyo vidole vya mkono unaoshika ala visizunguke upande wa makali kamwe. Shika ala kwa upande wa mgongo, kandamiza mgongo wa khukuri ndani yake, na uvute taratibu kwa kufuata mpindo. Wanepali huwafundisha watoto jambo hili kabla ya kuwaruhusu kugusa.

Hatua ya nne: pigo lenyewe

Mpini wa asili una pete iliyochongwa katikati. Iache ikae baina ya vidole vyako, kwa kuwa ndiyo inayozuia mkono kuteleza mbele. Simama miguu ikiwa wazi kama upana wa mabega, huku mguu wa upande wa mkono unaopiga ukiwa nyuma. Pigo lishuke kwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na njia yake ipite nje ya mguu wako, ili kama utakosa mwanzi khukuri iishie hewani au ardhini. Mkono wa pili usishike mwanzi kwa hali yoyote. Uweke nyuma ya mgongo kama huuamini.

Mpindo wa khukuri umekwisha kufanya sehemu ya kazi ya kiwiko. Kwa kuwa ubapa umeinamia mbele, makali hufika kwa mshazari hata kama kifundo cha mkono hakijapinda, na uzito uliokusanyika tumboni huvuta wenyewe. Anayetoka kwenye panga hukosea hapa: hutumia nguvu nyingi na kushika kwa kubana tangu mwanzo. Shika kwa wepesi khukuri inapopanda, iache ishuke kwa uzito wake, kisha kaza vidole muda mfupi kabla ya kugusa. Lenga kwa tumbo, sentimita chache nyuma ya ncha, wala usitumie ncha yenyewe. Anza na mapigo matano ya hewani, polepole, ili mwili ujue khukuri inapoishia.

Hatua ya tano: mpangilio wa kipimo

Anza na kipande chembamba, pigo moja moja, katikati ya pingili. Kazi ya hatua hii ni kuupasha mkono moto na kuusikiliza mpini; baada ya kila pigo uguse tena kama umelegea.

Kisha nenda kwenye kipande kinene. Pigo la kwanza liwe chini kidogo ya kimo cha kifua, na kila linalofuata lishuke kiasi cha sentimita 15, na usipige chini ya nyonga. Utapata mikato mitatu au minne kwa kila kipande. Hesabu mapigo yanayohitajika kwa kila mkato. Khukuri ya kilo moja, iliyonoleka, katika mkono uliozoea, hupita mwanzi mbichi wa sentimita 8 wenye ukuta wa sentimita moja kwa pigo moja. Anayeanza asione haya kutumia mawili au matatu, mradi yote yaingie katika njia ileile. Baada ya kila mkato wa pili futa ubapa na utazame makali chini ya mwanga.

Kipande cha pili kinene kitumie kukata kwenye kifundo, ambako nyuzi hupindana na kuna ukuta unaokata uwazi wa ndani. Hapa makali hukutana na ugumu usio sawa kushoto na kulia, na khukuri dhaifu hujifichua.

Mwanzi mkavu huja mwisho, na hata hapo kwa mapigo mawili matatu tu, yasiyo ya nguvu zote. Mkavu ni mgumu kuliko mbichi kwa kiasi kikubwa, na kuanza nao ni kuharibu makali kabla hujajifunza kitu. Usiwahi kuupinda ubapa kando ili kuuchomoa ulipokwama. Uvute kwa njia ileile ulikoingilia.

Hatua ya sita: kusoma mwanzi na makali

Kusanya vipande vyote ulivyokata na uvipange kwa utaratibu ulivyoviangusha. Uso ulio laini, unaong'aa kidogo, wenye mstari mmoja kutoka ganda hadi ganda, unaonyesha makali mazuri na pembe sahihi. Uso wenye ngazi unaonyesha kwamba khukuri iligeuka mkononi katikati ya safari, na kosa hilo ni la mpigaji. Ukuta uliobonyea kuelekea ndani kabla ya kukatika una maana mbili: ama pigo lilikuwa la mlalo badala ya mshazari, ama makali ni butu. Ili kutofautisha, rudia pigo lilelile kwa kutumia sehemu nyingine ya makali. Mbonyeo ukitoweka, lawama ni ya makali.

Nyuzi zilizochanika upande wa kutokea ni za kawaida zikiwa chache na fupi. Zikiwa ndefu na ganda limenyofoka vipande vipande, khukuri ilikuwa imekwisha kupoteza mwendo ilipofika huko. Linganisha mkato wa kwanza na wa mwisho: kama wa mwisho ni mbaya zaidi wakati mkono wako sasa umezoea, makali yamechoka.

Sasa geukia khukuri. Pitisha ukucha kwa uangalifu kutoka mgongoni kuelekea makali, pande zote mbili, bila kuugusa ukingo kwa urefu wake. Ukucha ukikwama upande mmoja, makali yamelala upande huo, na hiyo ni dalili ya chuma laini mahali hapo. Ukiona mapengo madogo, chuma ni kigumu kupita kiasi na chepesi kumeguka. Kati ya hayo mawili mimi nachagua kulala, maana makali yaliyolala huinuliwa kwa dakika chache, ilhali pengo hudai kuondoa chuma kwenye urefu wote wa tumbo. Dai alikuwa mkali zaidi: kwake hata kulala kidogo tumboni kulitosha kuirudisha khukuri motoni, lakini kulala karibu na mpini alikupuuza, akisema hakuna mtu anayekata mwanzi kwa sehemu hiyo.

Rudia kukata gazeti na usome maandishi yako ya mwanzo. Tumbo lililopita mikato yote ya mwanzi mnene na bado linakata karatasi, hata kwa kukwaruza kidogo, limefaulu. Lililokataa karatasi kabisa baada ya mikato mitatu halikupata maji ya kutosha ya birika. Kagua tena ule mkato wa karibu na noleo, tazama mgongo kama umebaki umenyooka, na ujaribu mpini kwa mara ya mwisho.

Hatua ya saba: kurejesha makali na kuhifadhi

Katika ala ya khukuri kamili huwa na visu viwili vidogo. Karda ni ya kazi ndogondogo. Chakmak haina makali, nayo hutumika kuinua makali yaliyolala kwa kuisugua kando ya ukingo, pande zote kwa zamu. Mara nyingi hilo hutosha.

Ikihitajika kunoa, kumbuka kwamba makali ya khukuri yamevimba kidogo pande zote mbili kama kokwa la embe, na uvimbe huo ndio unaozuia ubapa kukwama ndani ya mwanzi. Kinoo bapa kikitumiwa kwa haraka huuondoa. Weka khukuri imara na usogeze kinoo juu yake kwa mwendo wa kubembea. Njia niipendayo zaidi ni msasa wa maji uliolazwa juu ya soli ya kandambili kuukuu: mpira hubonyea na kufuata umbo lenyewe. Mwendo wa msasa uwe kutoka mgongoni kuelekea makali, usiwe kutoka makali kuelekea mgongoni, la sivyo utakata msasa na soli pamoja.

Maji ya mwanzi mbichi huacha doa na kutu kwenye chuma hiki, kwa hiyo osha ubapa siku ileile, ukaushe, na upake mafuta. Nepal hutumia mafuta ya haradali. Mafuta ya cherehani yanafaa vilevile. Anayeishi Mombasa au Tanga, ambako hewa ina chumvi, apake kila mwezi na aihifadhi khukuri nje ya ala, ikiwa imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, kwani ngozi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ala yenyewe iachwe wazi kivulini siku moja au mbili baada ya kazi, huku mshono wake wa upande wa makali ukikaguliwa kwa kidole kutoka nje, khukuri ikiwa haimo.